Mgonjwa wa Kilatino asiyetarajiwa kupona: niliyojifunza nikiwa nesi wa hospisi Houston (uzi mrefu)

BintiMarangu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kila wiki napata ujumbe wa faragha kutoka kwa Watanzania na Wakenya wanaouguza wazee huku Texas. Swali ni lile lile: "Dada, nimepangiwa familia ya Kimeksiko, mama amebakiza miezi michache ya kuishi, watoto wamenikataza nisimwambie kitu. Nifanyeje?" Nimeona bora niandike mara moja, mahali ambapo kila mtu atasoma. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye hospisi, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, mara nyingi nyumbani kwake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wangu ni Walatino, wengi wao Wameksiko, halafu Wasalvador na Wahondura.

Nianze na jambo ambalo bado linaniuma.

Kabla ya hospisi nilikuwa wodini, hospitali siitaji. Bibi mmoja alikuwa na saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Daktari kaingia asubuhi na haraka zake, simu ya mkalimani haionekani, basi akamgeukia mjukuu, binti wa miaka 11, begi la shule bado liko mgongoni. "Mwambie bibi yako hatuna tena dawa ya kuuondoa ugonjwa huu." Mtoto akanyamaza. Akalivua begi, akaifungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. Halafu akasema maneno machache sana ya Kihispania. Bibi akatabasamu, akampapasa shavu. Daktari akaridhika, akaondoka.

Mama aliyekuwa akipiga deki pale, Msalvador, alinivuta kwenye korido akaniambia mtoto amesema nini: "Abuelita, daktari anasema ule vizuri na upumzike."

Nilimwambia msimamizi saa ile ile. Mkalimani alipatikana siku ya nne. Siku nne nzima yule mtoto aliibeba habari ya kifo cha bibi yake peke yake, akienda shule, akirudi, akimlisha bibi jeli kwa kijiko na kumhimiza ale vizuri kama "daktari alivyosema".

Mjue kwamba hilo ni kosa kisheria. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 haziruhusu kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa dharura isiyoweza kusubiri, na mkalimani mwenye ujuzi hutolewa bure. Wewe msaidizi wa nesi unayo haki ya kusema "tusubiri mkalimani". Sema. Hata kama daktari atakunja uso.

La pili ni neno lenyewe. Ukimwambia mama wa Kimeksiko kwamba mume wake ataingia hospisi, sikio lake linasikia *hospicio*, na kwao hilo ni jina la nyumba ya yatima na maskini wasio na mtu. Kule Guadalajara, mji mkuu wa jimbo la Jalisco huko Meksiko, kuna jengo kubwa linaitwa Hospicio Cabañas, lilijengwa na askofu mwanzoni mwa karne ya 19, na yatima waliishi humo hadi 1980. Leo ni urithi wa dunia na watalii wanapiga picha, lakini wazee wa Jalisco wanakumbuka lilikuwa la nani. Sasa fikiria wewe mtu aje akwambie baba yako tunampeleka makazi ya wasiojiweza. Si ungemfukuza?

Mimi silitumii neno hilo siku ya kwanza. Naeleza kazi: tutakuja nyumbani kwenu, dawa za maumivu tutaleta sisi, kitanda na oksijeni vitaletwa, na usiku mkikwama mnapiga simu nesi anapokea. Neno nalitaja baadaye, kwa sababu lipo kwenye karatasi watakazosaini na sitaki walikute huko peke yao. Naeleza pia kwamba *hospicio* ya huku maana yake ni nyingine kabisa.

Na muwaambie ukweli kuhusu tusichofanya. Nesi hakai pale saa 24. Anakuja mara kadhaa kwa wiki, msaidizi anakuja kuogesha, kazi iliyobaki ni ya familia. Nimeona mabinti waliosaini wakidhani wamepata mtu wa kulala na mama, na ile wiki ya kwanza walipogundua ilikuwa kilio.

Ngoja nipumzike, nitaendelea na suala la kuficha.

MzeeWaDallas

Binti, nakushukuru kwa uzi. Ila kwenye hilo la kuficha nina neno. Nimekaa nchi hii tangu 1994. Mgonjwa ana haki ya kujua ugonjwa wake, ndiyo sheria, na ndiyo haki mbele ya Mungu. Mtu anataka kutubu, anataka kugawa mali yake, anataka kumwona ndugu yake aliyegombana naye. Familia inayomficha inamnyang'anya hayo yote. Tusipambe udanganyifu kwa kuuita mila.

BintiMarangu

Shikamoo mzee wangu. Ulichosema nakiheshimu, na nusu yake nakubaliana nayo.

Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanyika Los Angeles. Waliulizwa wazee 800, mia mbili kutoka kila kundi: wenye asili ya Korea, ya Meksiko, ya Ulaya na ya Afrika. Je, mgonjwa aambiwe kwamba ugonjwa wake utamuua? Wenye asili ya Ulaya walisema ndiyo kwa asilimia 69. Wenye asili ya Meksiko, asilimia 48.

Watu wengi huichukua hiyo 48 na kusema "mnaona, Wameksiko hawataki kuambiwa". Mimi naisoma tofauti. Ni nusu kwa nusu! Ukiingia chumbani ukiwa umeshaamua kwamba huyu ni Mlatino basi tumfiche, utakuwa umemkosea karibu mmoja kati ya kila wawili. Ukiingia umeamua kwamba sheria ni sheria lazima aambiwe, utamkosea yule mwingine. Nao upande wa pili, wenye asili ya Ulaya, asilimia 31 hawakusema ndiyo, na hao hakuna anayewaulizia mila yao.

Kwa hiyo haki yenyewe, mzee, ni ya mgonjwa kuchagua. Kujua ni haki yake. Kumwachia binti yake mkubwa ajue kwa niaba yake nako ni haki yake, mradi aseme yeye mwenyewe. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumuuliza. Mimi nauliza hivi, na mkalimani nimewahi kumwomba aniandikie ili nisikosee:

*¿Usted es de las personas que quieren saber todo sobre su enfermedad, o prefiere que hablemos con su familia?*

Yaani, wewe ni katika wale wanaopenda kujua yote kuhusu ugonjwa wao, au ungependa tuongee na familia yako? Nauliza mbele ya familia kama wanaruhusu, na kabla ya habari mbaya haijasemwa. Familia ikinizuia mlangoni, sibishani. Nawaambia: sitamwambia lolote ambalo hajaniuliza, lakini akiniuliza mwenyewe sitamdanganya. Mpaka sasa hakuna familia iliyonifukuza kwa maneno hayo. Wengi wanapumua.

Kivu_Houston

Ni kweli kabisa hiyo ya mutoto. Sisi Wakongomani wa hapa Houston pia tunaishi hivyo. Mama yangu alipougua nilikuwa na miaka 14, ni mimi nilikuwa natafsiri kila kitu kwa daktari. Nilibadilisha maneno. Mpaka leo sijamwambia mutu. Asante dada kwa kuandika.

BintiMarangu

Kivu, pole sana, ndugu yangu. Haukuwa mzigo wako. Waliopaswa kuubeba walikuwepo chumbani na walikuwa wanalipwa.

MsaidiziMpya

Asante sana dada. Mimi niko Dallas, nimetoka Eldoret mwaka jana, naanza Jumatatu na mzee wa Kimeksiko wa miaka 79, figo na moyo. Sijui Kihispania zaidi ya *gracias*, asante. Nikifika mlangoni nafanya nini hasa? Niambie kama unavyomwambia mdogo wako.

BintiMarangu

Karibu mdogo wangu. Wewe umelelewa na heshima, kwa hiyo kazi yako ni kutoisahau kwa sababu uko Marekani.

Jina lake la kwanza usilitaje peke yake. Kama ni Ernesto, ni Don Ernesto. Mke wake ni Doña. Na ukijifunza sentensi mbili tatu za Kihispania, zijifunze na *usted*, ile "wewe" ya heshima, usimwambie mzee *tú*, "wewe" ya rafiki au mtoto. Nimeona vijana wazuri kabisa, wachapakazi, wakimwita bibi wa miaka 84 kwa jina lake kavu, na bibi anageukia ukutani. Hajachukia kuogeshwa. Amechukia kuvunjiwa heshima na mtoto.

Msalimie kila mtu aliyemo, hata aliyekaa jikoni. Wakikupa kahawa, pokea hata kama utakunywa funda moja (kama kampuni yako inakataza kupokea chakula, eleza kwa upole na uombe maji). Kaa kidogo kabla ya kufungua mkoba wa vifaa. Wao wanampima mtu kwanza, kazi yake baadaye. Picha iliyopo ukutani iulize. Mtoto aliyevaa joho la mahafali ni nani? Hapo mzee atakueleza maisha yake yote kwa mikono.

Kisha angalia nani anafanya nini. Mara nyingi anayeongea na daktari ni kijana mkubwa, na anayemgeuza mgonjwa usiku ni binti. Ukiongea na mmoja tu umekosea. Maamuzi kwao ni ya ukoo, na wengine wako Monterrey au San Salvador wanasikiliza kwa WhatsApp, simu imeegeshwa kwenye chupa ya maji. Waache wasikilize. Ila mhimize mzee aandike mapema nani atamsemea akishindwa kuongea, kwa sababu huku Texas asipoandika sheria inaanza na mke au mume, kisha watoto watu wazima, na watoto sita wakigawanyika tatu kwa tatu pale kitandani ni hatari.

Dini: usibahatishe. Ukiona picha ya Bikira Maria wa Guadalupe mezani na mshumaa, sawa, uliza kama wangependa padri. Lakini Walatino wengi leo ni walokole, na ukiwaletea rozari umewakwaza. Kwa Wakatoliki kuna tatizo jingine: Mpako wa Wagonjwa bado unaogopwa, padri akionekana mlangoni watu wanaanza kulia kwamba ndiyo mwisho. Tangu 1972 Papa Paulo VI alishaweka utaratibu mpya, mpako ni wa mgonjwa yeyote mwenye ugonjwa mzito, si wa anayekata roho tu, na unaweza kurudiwa. Mimi ni Mkatoliki wa Marangu, hili naliongea kwa raha, lakini naliacha padri alieleze mwenyewe.

Na wakikwambia *si Dios quiere*, usiandike kwenye ripoti kwamba familia "imekata tamaa" au "haitaki kupanga". Nimesoma ripoti za namna hiyo. Bibi zetu wanasema Mungu akipenda huku wamebeba kadi ya kliniki mkononi na nauli imefungwa kwenye kanga. Neno hilo halizuii mpango. Jibu, "Mungu akipenda, ndiyo. Na usiku wa leo akibanwa pumzi, tufanyeje?" Watakujibu vizuri sana.

NyotaPhoenix

Dada gusia mofini. Mgonjwa wangu anaumwa mpaka jasho linamtoka na anasema *aguanto*, navumilia. Mke ameficha chupa kabatini.

BintiMarangu

Hapo pana mambo mawili na watu hulitaja moja tu.

La kwanza ni la familia. Wanaogopa mofini itamuua, au itamfanya teja, au atalala asiwatambue wajukuu. Mwanamume wa rika lake amelelewa kwamba kuvumilia ndiyo utu uzima. Mimi simwulizi "unaumwa kiasi gani kutoka sifuri mpaka kumi". Namuuliza, maumivu yamekuzuia kufanya nini leo? Mmoja alinijibu hakuweza kukaa mezani wakati mjukuu anakata keki. Basi hiyo ikawa sababu ya dawa: Jumapili akae mezani. Mke akaifuata chupa mwenyewe. Nilimfundisha kuvuta ile mililita ndogo kwa sirinji isiyo na sindano na kumdondoshea ndani ya shavu, akafanya mbele yangu mara tatu mkono ukaacha kutetemeka.

La pili halisemwi. Msiwasingizie Walatino kwamba maumivu yao ni ya kupenda. Mwaka 1993 madaktari wa Los Angeles walichunguza watu waliofika dharura wamevunjika mifupa mirefu ya mikono na miguu. Walatino waliondoka bila dawa yoyote ya maumivu kwa asilimia 55, Wazungu asilimia 26. Mfupa uliovunjika hauna mila! Na New York mwaka 2000 ilionekana kwamba kwenye mitaa ya wasio Wazungu ni asilimia 25 tu ya maduka ya dawa yaliyokuwa na akiba ya kutosha ya dawa kama mofini, wakati mitaa ya Wazungu ni asilimia 72. Kwa hiyo mtu akisema anavumilia, jiulize pia kama amewahi kupewa njia nyingine. Piga simu duka la dawa kabla hujamtuma binti wa watu kwa basi na karatasi mkononi.

MzeeWaDallas

Nimesoma yote. Nakubali nilikimbilia sheria. Swali moja: wasio na makaratasi ya uhamiaji wanafanyaje? Jirani yangu Mhondura alifia kwenye kochi, hakuna aliyekuja.

BintiMarangu

Pole, mzee. Hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Malipo ya hospisi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, yalianzishwa na sheria ya 1982. Madaktari wawili wathibitishe kwamba ugonjwa ukienda kwa kawaida yake mtu ana miezi sita au pungufu, na mgonjwa akubali kuacha matibabu ya kuuondoa ugonjwa huo. Akibadili mawazo anajitoa siku yoyote. Lakini asiye na makaratasi hana Medicare, hata kama amepaua nusu ya mapaa ya mji huu. Zipo hospisi zinazochukua wagonjwa bila malipo kutoka mfuko wa misaada, lazima uulize kwa jina: "mna nafasi ya hisani?" Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumbana kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Akisharudi nyumbani ni vigumu zaidi. Na hofu ya kukamatwa inawafanya wasipige simu usiku. Mimi siwaulizi makaratasi, wala siandiki kokote kitu ambacho sikuhitaji kukijua.

Kilichonipa moyo ni Colorado. Walichukua watu wa kawaida wa jamii ile ile, wanaongea Kihispania, si manesi, wakawafundisha kuwatembelea nyumbani wagonjwa wa saratani iliyofika hatua za juu. Wagonjwa 223 walishiriki, matokeo yakachapishwa 2018. Waliotembelewa, asilimia 65 walikuwa na matakwa yao yameandikwa kwenye faili, wasiotembelewa asilimia 36. Maumivu hayakupungua wala matumizi ya hospisi hayakupanda, hilo nalo niliseme. Lakini mtu kuandikiwa alichotaka, kwa lugha yake, na jirani aliyekunywa naye kahawa, kwangu si jambo dogo.

Nimalizie msiba kwa kifupi maana nimeandika mno. Akifa, usikimbilie simu ya kuja kuchukua mwili. Uliza nani bado yuko njiani. Waache wamsemeshe, wamshike, wasali. Wakatoliki watasali rozari siku tisa, *novenario*, na ukiweza kupita siku moja pita, hawatakusahau. Wengi wanataka kuzikwa kwao, na ubalozi mdogo wa Meksiko unasaidia familia kwenye kusafirisha mwili. Waelekezeni mapema, gharama ni kubwa na sisi waswahili tunajua michango ya kusafirisha mwili ilivyo. Madhabahu ya Novemba ya kuwakumbuka marehemu, na maua yake ya manjano, ni ya Wameksiko zaidi, usimletee Mkuba au Mpuertoriko ukidhani umemfurahisha.

MsaidiziMpya

Dada nimerudi, leo ni Alhamisi. Nilimwita Don kama ulivyosema, akacheka akaniambia niketi. Kahawa nilikunywa yote.

Jana nesi wetu alikuja na mkalimani wa simu, nikamwomba aulize lile swali lako. Watoto walikubali, mama alikuwa dukani. Mzee akasema, "Tangu Pasaka najua nakufa. Ninachoomba, mke wangu asijue kwamba najua. Atavunjika."

Dada, mke naye juzi alinishika mkono jikoni akanionyesha kwa ishara kidole mdomoni, nisimwambie mzee. Sasa nimekaa katikati na siri mbili ambazo ni moja. Sijalala.

BintiMarangu

Pole mdogo wangu, na hongera, umefanya vizuri. Usimwambie yeyote siri ya mwingine. Haikuhusu kuitoa. Mpigie leo hii nesi wako na ofisa ustawi, waombe mkalimani aje mwenyewe, si kwa simu, na nesi amuulize mzee faraghani: ungependa nikusaidie kuongea na mkeo? Akikataa, basi, mnaacha. Akikubali, wakae wao wawili na mkalimani. Wewe toka chumbani.

MsaidiziMpya

Alikubali. Wamekaa leo mchana kwa muda wa karibu saa mbili. Mimi nilikuwa jikoni na binti yao tunachambua maharage, hakuna aliyesema neno, tunasikia tu mama analia na mzee anaongea polepole, halafu wote wawili wakacheka kidogo, sijui walikumbuka nini.

Mlango ulipofunguliwa mama alitoka, akanawa uso pale kwenye sinki, akamwambia binti ampigie kaka yake wa Monterrey aje wiki hii hii. Halafu akaniomba nimsaidie kusogeza kitanda chake mwenyewe, tukiweke karibu na cha mzee.